Muuza Mkate wa Mawanella Aliyepewa Glavu za Taifa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, bajaji ya mkate inapanda kilima cha nyuma ya soko la Mawanella. Muziki wa spika yake unawaamsha waliolala na kuwaudhi waliokwisha kuamka. Sandareka Kodithuwakku anaendesha, na kila akipata sehemu iliyonyooka anaukunjua mkono wa kushoto na kuutikisa. Kidole cha pete kimefungwa bandeji nyeupe.

Kwenye geti la Mwalimu Tennakoon, mstaafu wa hesabu, anasimama bila kuitwa.

"Dada wa mkate! Skonzi za mamba zipo?"

"Zipo mbili, Mwalimu. Fanya haraka, jirani yako ameshazitolea macho."

Mzee anachukua zote mbili, ndefu, zilizochongoka mkiani, zenye sukari mgongoni. Kisha anakiinamia kile kidole kama anayesahihisha daftari.

"Hiki bado hakijapona? Na Jumamosi ndiyo mnapanda ndege?"

"Kitapona, Mwalimu. Kikichelewa nitakiacha nyumbani."

Mzee anacheka mpaka anaegemea geti. Sandareka anageuza bajaji na kuendelea na njia yake, kwa sababu kuna nyumba sitini na nane bado zinasubiri chai na mkate.

Jumamosi, mwanamke huyu mwenye umri wa miaka thelathini na miwili ataondoka na timu ya taifa ya kriketi ya wanawake kwenda Bangladesh kwa wiki tano. Atakuwa mlinda wiketi, yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu mchana kutwa na kudaka kila kinachompita mpigaji. Hajawahi kuichezea nchi yake hata mechi moja. Wenzake wengi kwenye kikosi wanamwita dada, na mmoja, kwa utani, anamwita shangazi.

Kazi hiyo hakuichagua yeye. Alikulia pembeni mwa mashamba ya mpunga, msichana pekee kati ya wavulana wanne. Baada ya mavuno kaka zake walicheza kriketi kwenye shamba kavu, na nyuma ya vijiti kulikuwa na mfereji wa maji. Mpira ukipita, mtu analowa.

"Hawakuniteua, walinitupa huko nyuma ili wao wasilowe," anasema. "Nikaona heri nidake, maana aliyekuwa akiingia kwenye mfereji ni mimi, na ruba walikuwa wengi."

Alidaka vizuri kiasi cha kuitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa akiwa na miaka ishirini na mitatu. Siku ya pili alirudishwa nyumbani. Waliokuwa wakiteua wakati huo walimwambia mikono yake ni mizuri, lakini hajui kupiga, na siku hizi mlinda wiketi asiyeleta mikimbio, yaani alama za timu, ni mzigo. Hakubishana. Alipanda basi, akafika nyumbani, akaziweka glavu juu ya kabati.

Mwaka uliofuata aliolewa na Ajantha, mwoka mikate. Jiko lao ni jembamba, watu wawili hawapishani. Ajantha akitoa trei kwenye oveni, huzirusha skonzi moja moja juu ya meza, na mkewe huzidaka na kuzipanga kwenye masanduku.

"Skonzi ya moto ukiikamata kwa nguvu inabonyea, na iliyobonyea hainunuliwi," anasema Ajantha, mwanamume mpole mwenye unga mpaka kwenye kope. "Kwa hiyo akajifunza kuipokea. Mkono unarudi nyuma kidogo, hivi. Siku moja nikamwambia, mke wangu, hebu zishushe zile glavu."

Alizishusha. Akajiunga na timu ya wilaya iliyokuwa ikicheza Jumapili, siku ambayo mkate huisha mapema. Siku nzuri bajaji huingiza faida ya rupia elfu tatu na mia tano, na siku za mechi, kwa kuwa haendi mzunguko wa jioni, nusu yake. Hasara hiyo familia iliikubali, isipokuwa mtu mmoja.

"Mimi nilipinga, siwezi kukudanganya," anasema Mama Gunaseeli, mama mkwe wake, mwenye miaka sitini na mitatu. "Nilimwambia, mwanangu, mwanamke mzima unachuchumaa mchana kutwa nyuma ya vijiti, unatafuta nini? Kama ni kuchuchumaa, vitunguu viko jikoni, njoo umenye."

"Ukamjibu nini?" tunamuuliza Sandareka.

"Nilimenya vitunguu," anasema. "Halafu nikaenda mazoezini."

Mwezi wa pili mwaka huu, mlinda wiketi wa taifa alistaafu kwa sababu ya goti. Kamati ya uteuzi ikaanza kuzunguka wilaya kwa wilaya. Mwenyekiti wake, Bi Manel Pathirathna, mrushaji wa zamani wa mipira inayozunguka, alikwenda Kurunegala kwenye mechi ya wilaya kumwangalia mpigaji chipukizi aliyesifiwa sana. Mpigaji huyo alicheza saa nzima.

"Na saa nzima nilikuwa namtazama aliye nyuma yake," anasema Bi Manel. "Mpira unapinda, unaruka, unateleza, na kwenye zile glavu hausikiki. Mlinda wiketi mbaya unamsikia. Paa, paa. Huyu nikamuuliza mtu wa pembeni, ni nani? Akaniambia, huyo? Huyo ni wa mkate."

Ndivyo Sandareka alivyojikuta Colombo, kwenye majaribio ya siku tatu. Walinda wiketi walioitwa walikuwa watano. Jioni ya siku ya kwanza walibaki wawili, yeye na Oshini Jayalath, msichana wa miaka ishirini kutoka Moratuwa ambaye jina lake lilikuwa tayari kwenye midomo ya watu.

Siku ya pili ilikuwa ya kupiga. Oshini aliandika mikimbio sabini na moja, mingine kwa mapigo yaliyotua nje ya uzio. Sandareka alipata kumi na nne. Mipira miwili kati ya aliyoipiga iligonga ukingo wa gongo lake na kwenda ilikotaka yenyewe.

Jioni alipiga simu nyumbani. Aliyepokea ni mama mkwe.

"Mama, mwambie Ajantha asitafute mtu wa kuendesha bajaji. Keshokutwa narudi kazini."

"Nani kakuambia urudi?"

"Nimepiga kumi na nne, Mama. Mwenzangu sabini na moja."

"Kwani wanatafuta mpigaji?"

"Wanatafuta mlinda wiketi."

"Basi kesho si ndiyo siku ya kulinda wiketi? Wewe unafunga duka mchana! Lala huko, na usinipigie mpaka waseme wenyewe."

Sandareka anasema alikaa kitandani na simu mkononi, hajui acheke au alie. Miaka minane mama huyo hakuwahi kuuliza hata matokeo ya mechi.

Siku ya tatu uwanja ulikuwa mkavu na umepasuka, kama wateuzi walivyoagiza. Warushaji watatu wa mipira ya kuzunguka waliwekwa upande mmoja, na walinda wiketi wakapewa zamu. Oshini alianza. Asubuhi hiyo ilimwendea vibaya. Mipira ilimpita kulia, ikampita kushoto, na mikimbio ya bure, ile wapinzani wanayoipata mpira ukimpita mlinda wiketi, ikafika kumi na tisa. Mmoja uliruka ghafla ukampiga kifuani. Ilipofika mapumziko ya chakula alikuwa amejificha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, hagusi wali wake.

Sandareka aliingia na sahani yake mkononi.

"Unakula au nikusaidie?"

"Kula tu, dada. Mimi nimekwisha."

"Hujaisha. Unasimama mapema. Mpira ukitoka tu mkononi mwa mrushaji, wewe umeshainuka, kwa hiyo unauona kutoka juu. Kaa chini mpaka udunde, halafu inuka nao. Chuchumaa nikuone."

Oshini alimtazama kama aliyesikia vibaya. "Dada, si tunagombea nafasi moja sisi?"

"Tunagombea. Lakini ukipigwa tena pale pale utavunjika mbavu, na mimi sitaki kushinda kwa mbavu za mtu. Chuchumaa."

Walifanya hivyo kwa dakika ishirini, wakitumia chungwa kwa sababu mipira ilikuwa uwanjani. Mchana Oshini alipewa zamu nyingine fupi, na mikimbio ya bure ikawa mitatu tu. Hilo wateuzi waliliona, ingawa hakuna aliyejua limetoka wapi.

Kisha ikaja zamu ya Sandareka, saa moja na nusu bila kupumzika. Hakupitwa na mpira hata mmoja. Mara mbili mpigaji alitoka hatua moja mbele kuupiga, akaukosa, na kabla hajarudisha mguu vijiti vilikuwa vimekwisha kuangushwa nyuma yake, na kwa hilo akatolewa. Ndipo mpira mmoja ulipogusa ukingo wa gongo na kumgonga kidole cha pete. Aliudaka hata hivyo. Aliendelea mpaka mwisho wa zamu, akaenda mwenyewe kwa daktari wa timu na kumwonyesha kidole kilichovimba kama ndizi fupi. Picha zilionyesha mfupa ni mzima.

Kamati ilikaa jioni ileile, watu wanne. Ikagawanyika sawasawa, wawili kwa wawili. Waliomtaka Oshini walikuwa na hoja nzito: ana miaka kumi na miwili zaidi ya kucheza, na anapiga. Walipoona hawasogei, Bi Manel aliinuka akawaita wale warushaji watatu, mmoja mmoja, kila mmoja peke yake.

"Sikuwauliza nani bora," anakumbuka. "Niliwauliza, kesho ni fainali, mpira ni wa mwisho, unataka kumwona nani nyuma ya vijiti?"

Wote watatu walitaja jina moja. Wa mwisho, Kaveesha Edirimanne, ambaye urushaji wake huwachanganya hata wenzake, alieleza kwa nini. "Kwa Oshini inabidi nimwashirie kwanza nitarusha mpira gani. Kwa dada huyu, nikiwa bado nakimbia kuja kurusha, tayari ameshahamisha miguu kwenda mpira unakokwenda. Jana aliniambia nikitaka kurusha ule unaozunguka kinyume nauma mdomo. Mimi mwenyewe sikuwa najua!"

Oshini naye alibaki kwenye kikosi, kwa gongo lake, na kama mlinda wiketi wa akiba. Alipoitwa mbele ya kamati alisema jambo ambalo hakuulizwa: kwamba kile alichokifanya vizuri mchana, alifundishwa na mpinzani wake wakati wa chakula.

Sandareka hakuyajua hayo. Alirudi Mawanella na kidole chake, akaendelea kuuza mkate. Majina yalisomwa redioni Alhamisi saa tano asubuhi, wakati anarudisha bajaji nyuma kwenye kichochoro, muziki ukiwa juu na simu ikiita mfukoni bila kusikika. Akamwona Mwalimu Tennakoon anamkimbilia, saruni ameishika mkono mmoja, redio mkono mwingine.

"Mkate umekwisha, Mwalimu!" alipaza sauti.

"Achana na mkate! Wamekusoma! Zima hiyo takataka, wamekusoma!"

Alizima muziki. Wa kwanza kutoka alikuwa jirani wa kushoto, kisha mtaa mzima. Sandareka anasema hakumbuki waliyosema. Anakumbuka kwamba aliketi kwenye kiti cha dereva na kuanza kuzipanga upya trei tupu, mpaka mwanamke mmoja akazichukua taratibu kutoka mikononi mwake.

Sasa nyumbani kuna tatizo jipya. Nani ataendesha bajaji kwa wiki tano? Ajantha hawezi kuacha oveni. Kijana waliyetaka kumwajiri ameenda Dubai. Mama Gunaseeli amejitolea, na tangu Ijumaa anajifunza kwenye uwanja wa hekalu. Ameshaangusha uzio mmoja na kumkwangua ng'ombe.

"Ng'ombe alikosea yeye," anasema. "Na uzio ulikuwa umeoza."

"Mama, breki ni ya mguu wa kulia," Sandareka anamkumbusha.

"Nimesikia. We shika mpira, mimi nitashika breki."

Sandareka hataki kudanganya mtu kuhusu umri wake. Anadhani magoti yake yatampa miaka miwili, na katika miaka hiyo atakuwa akimfundisha Oshini, ambaye sasa humpigia simu kila jioni kuuliza maswali ya miguu. "Akija kunitoa, nataka anitoe kwa haki," anasema. "Nisiwe nimemwachia nafasi kwa kuchoka."

Baada ya hapo anataka kuanzisha timu ya wasichana hapa mjini, Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Mkuu wa shule amekubali, na majina kumi na manne yameshaandikwa. Tatizo ni kwamba wote kumi na wanne wanataka kupiga. Hakuna hata mmoja anayetaka kukaa nyuma ya vijiti.

Utamchaguaje, tunamuuliza.

Anafikiri huku akikunja na kukunjua kidole chake.

"Nitawachezesha tu, nisiwaambie kitu," anasema. "Kuna mpira utawapita wote. Kumi na watatu watageuka kutazama ni kosa la nani. Mmoja atakuwa ameshaanza kuukimbilia. Huyo ndiye nitakayempa glavu."