Huligevva Ashika Mkasi

Kijijini kwao, kaskazini mwa Karnataka nchini India, kinyozi alikuwa mmoja tu, Mallanna, na wembe wake haukugusa kichwa cha Mdalit, mtu wa tabaka lililotengwa kama najisi. Watu wa mtaa wa Huligevva wakitaka kunyolewa walipanda basi mpaka mjini, siku nzima ikapotea. Siku mumewe, Durugappa, alipothubutu kuketi kwenye kiti cha Mallanna, wakubwa wa kijiji walimwinua kwa kola mbele za watu.

Alirudi nyumbani akitaka yaishe hapo. Huligevva ndiye aliyekataa. Kesho yake alimburuta wakaandikishe malalamiko wilayani, maana sheria ilikuwa upande wao, na kabla ya kurudi akanunua mkasi na kitana.

"Haya, kaa nikunyoe."

"Umewahi kumnyoa nani wewe?"

"Mbuzi."

"Mama weee! Mimi ni mbuzi?"

"Mbuzi hakupiga kelele hivi."

Kichwa hicho kilitoka mabaka mabaka, mtaa mzima ukacheka hadi machozi. Cha kumi kilitoka safi. Baada ya miezi miwili, barazani kwake kulikuwa na foleni.

Ofisa wa wilaya akaja, akamwamuru Mallanna anyoe kila mtu. Wakubwa nao, kwa hasira, wakamwambia afunge duka kabisa. Akafunga. Sasa wakubwa wenyewe wakawa wa kupanda basi.

Sharanagouda, mtoto wa mwenye mashamba, alikuwa anaoa Jumapili. Mjini walimharibu kichwa vibaya. Mchana kweupe akaja barazani.

"Dada, Durugappa umemnyoa wewe?"

"Kwani nani mwingine?"

"Nataka kama vile."

"Foleni inaanzia kule, bwana harusi."

Akaenda akaketi, goti kwa goti na wabeba matofali, akanywa maji kwa kikombe chao.

"Baba yako je?" Huligevva akamuuliza alipofikiwa na zamu.

"Ataongea akishaona picha za harusi."

Wiki iliyofuata, kwa kuwa mtoto wa mwenye mashamba mwenyewe alishavunja mwiko, Mallanna alifungua duka kwa wote. Wazee wachache bado wananuna, wanakwenda zao mjini. Huligevva amepata chumba sokoni chenye kioo kikubwa, na anafundisha wasichana watatu. Mmoja ni binti wa Mallanna.

"Baba anasema mkono wako mzito," binti alimchokoza juzi.

"Mwambie aje nimwoneshe," akajibu Huligevva, huku anamkung'uta mteja nywele shingoni.