Leta Mzigo, Leta Mtu

Ézéchias alikuwa na mdomo mchafu, na Butembo nzima ilijua. Ukimpelekea pikipiki akuangalizie springi za nyuma, au resori kama wanavyoziita kule, kwanza alikutukana wewe, kisha akamtukana aliyekuuzia, kisha akaitukana serikali, ambayo miaka ile hakuna aliyejua ni ipi. Watu walimvumilia kwa sababu barabara zilikuwa mbaya kuliko ulimi wake. Mtu aliyefika kutoka Manguredjipa na springi zilizofungwa ovyo alishuka ameshika kiuno, na siku kadhaa alilala kifudifudi. Aliyepitia kwanza kwa Ézéchias alishuka akaomba chai.

Kanuni yake ilikuwa moja: hakugusa springi kabla ya kumwona mwenye kuikalia. "Leta muzigo, leta mutu," alisema, na hakutaka kusikia kingine. Ukimtajia uzito wako alikucheka. Alikukalisha kwenye kiti, akafunga nyuma mzigo wako wenyewe, akachuchumaa na kijiti chake cha mwanzi kupima mkia wa pikipiki umeshuka kiasi gani. Ndipo akaizungusha ile pete ya chuma iliyo chini ya springi, jino kwa jino, akikaza au akilegeza. Mwisho aligusa skrubu ya amotisa, ile bomba ya mafuta inayozuia springi isirudi kwa pupa ikakurusha vichakani. Hata mchungaji wake alikalishwa hivyo hivyo, akaambiwa mbele ya waumini wake kwamba amenenepa wakati kondoo wanakonda.

Mtu mmoja tu hakukanyaga karakana yake: Ananie, mdogo wake wa tumbo moja. Zamani, kabla ya vita, Ananie alianguka kwenye mteremko wa njia ya Lubero, akavunjika nyonga, na springi ya pikipiki ile ilikuwa imekazwa na Ézéchias. Tangu siku hiyo Ananie alitembea akichechemea na kukaa akiwa ameegemea upande wa kushoto. Akamwambia kila mtu kwamba kaka yake alikaza vibaya. Ézéchias naye akamwambia kila mtu kwamba Ananie anaendesha kama mbuzi aliyefukuzwa shambani. Hakuna aliyekubali kujishusha. Ananie akahamia Oicha, akawa dereva wa zahanati ndogo ya kanisa, na alipofariki mama yao walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi, wakasalimia watu wote isipokuwa wao kwa wao.

Zahanati ile ilikuwa na pikipiki ya miguu minne, yaani matairi manne, zawadi ya wazungu wa misheni. Ananie aliitumia kubeba wagonjwa kutoka vijiji vya pembeni mwa msitu, ambako gari lilikuwa halifiki tena. Siku moja mwaka 2001 alikwenda nayo Butembo kuchukua dawa. Kwenye kizuizi cha barabarani watu wa Komanda Simenti wakachukua pikipiki, wakachukua dawa, wakamchukua na dereva, kwa sababu kati yao wote hakuna aliyejua kuiendesha bila kuipindua.

Simenti halikuwa jina alilopewa na mama yake. Watu walimpa baada ya mifuko ya simenti ya shule kuhamia usiku mmoja kwenye nyumba yake. Miaka ile kila mlima ulikuwa na jeshi lake, na kila jeshi lilikuwa na mtu wa namna hii: miwani ya jua, simu ya antena ndefu, na kiu ya mali isiyoisha. Alitaka koltani, madini ya machimbo ya Manguredjipa. Mifuko yake ni midogo lakini mizito kupita kiasi, na njia ya kule, inayopitia Njiapanda, ilikuwa imeshamlia magari.

Basi asubuhi moja akaingia kwenye karakana ya Ézéchias na pikipiki ile. Maandishi ya zahanati yalikuwa yamepakwa rangi ya matope. Mlinzi mwenye bunduki alikaa nyuma, na mbele, ameshika usukani, alikuwa Ananie.

Ndugu wawili wakatazamana mara moja, kisha kila mmoja akatazama kwingine. Miaka ya kununiana iliwafaa siku hiyo: walijua kujifanya hawajuani kuliko mtu yeyote mjini. Lakini moyo wa Ézéchias ulichemka. Alimchukia Simenti, akamchukia mlinzi, akamchukia na Ananie kwa kukubali kukamatwa. Na ndani ya chuki hiyo yote alijua anachotaka: mdogo wake atoke mikononi mwa watu hawa.

"Wee njo Ézéchias wa maresori?" Simenti akauliza.

"Njo mimi."

"Hii kintu inagonga chini mu njia ya Njiapanda. Nataka ibebe mifuko yangu bila kuvunjika. Noki-noki, haraka!"

"Leta muzigo, leta mutu. Bila ile, sigusi."

"Unajua unasema na nani?"

"Najua. Mais resori haijue. Kaa juu."

Askari wakatazama chini wasicheke mbele ya mkubwa wao. Simenti akakaa. Ézéchias akapima kwa kijiti chake, akamteremsha, akamkalisha mlinzi na bunduki yake, akapima tena. Mifuko iliyokwisha kufika mjini ikaletwa, ikafungwa nyuma kwa kupimia. Akafanya kazi asubuhi nzima akinung'unika, akiikaza pete hapa na kuilegeza pale, na alipomaliza akawapandisha Simenti na mlinzi pamoja juu ya mzigo, akaushika mkia na kuutikisa kwa nguvu. Bati la juu ya tairi likakwaruza tairi, krrr, krrr.

"Unasikia? Batu babili na muzigo, haiwezekane. Mukifika mu potopoto ya Njiapanda, mu matope ile, axe ya matairi inavunjika, na mifuko inabakia mu pori. Mutu moya na muzigo, inapita bien."

Huo ulikuwa uongo. Angezungusha pete meno machache zaidi, pikipiki ingewabeba wote wawili. Lakini Ézéchias alitaka mlinzi abaki, Ananie aende peke yake, na akifika Njiapanda ashike njia ya kurudi Oicha anayoijua yeye. Akapangusa mikono kwa kitambaa. Akajiona mjanja, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake maisha yote.

Simenti hakushuka. Alivua miwani.

"Ngoja kwanza. Mimi umenikalisha. Askari yangu umemukalisha. Mifuko umeifunga. Sasa huyu dereva, njo mutu wa kwenda, hukumukalisha hata kidogo. Uzito yake umeijua wapi?"

Ézéchias alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamfahamu, halikutoka hata tusi moja. Ni kweli. Hakumkalisha Ananie kwa sababu hakuona haja. Alimjua. Alijua mabega yale, alijua ile nyonga ya kushoto, alijua springi itakavyoinama chini yake. Mikono yake ilikuwa imekaza pete kwa ajili ya mdogo wake bila hata kumuuliza.

"Huyu ni nani yako?"

"Mi simujue huyu muzee," Ananie akasema haraka.

Simenti akawasimamisha bega kwa bega, akawatazama. Paji la uso lile lile, masikio yale yale yaliyochomoza. Akacheka hadi akakohoa.

"Bien. Donc muzee, utakaa kwetu. Leki yako, mudogo yako huyu, akirudi na muzigo, unarudi kwa bibi yako. Asiporudi, bibi yako atafute mbao za sanduku."

Hivyo Ananie akaondoka peke yake kwenda Manguredjipa, kama Ézéchias alivyotaka, na Ézéchias akafungiwa kwenye ghala la kahawa ambalo Simenti aliliita bureau, yaani ofisi yake.

Orpa, mkewe, alikuja kila siku na bugali na sombe ya majani ya mihogo, na kila siku aliwatukana askari kuanzia langoni hadi mlangoni. Ulimi wake ulikuwa umefunzwa na bwana mkali. Aliwauliza kama mama zao wanajua wanakula chakula cha wafungwa. Walimtishia bunduki, akawaambia wapige, halafu wampikie wao Ézéchias. Hakuna aliyetaka kazi hiyo.

Akiwa peke yake, Ézéchias alizungumza na ukuta. "Usirudi, mbwa wewe," alimwambia mdogo wake. "Ushike njia ya Oicha, usirudi." Alisema kwa dhati. Kisha akaegemea magunia, akajikuta anasikiliza barabara, kwa sababu hakutaka kufa, na hilo nalo lilikuwa la dhati. Akajichukia kwa kusikiliza. Akawaza kwamba Ananie, mtu asiyemsamehe hata kwenye kaburi la mama, ana sababu gani ya kurudi? Hana, na jibu hilo lilimtuliza na kumtisha kwa pamoja.

Alasiri moja injini ikasikika kwenye kilima. Ézéchias alisimama. Mkia uliofungwa mzigo hauna kelele, unakaa. Mkia mtupu unarukaruka. Huu ulikuwa unakaa. Ananie amerudi, na amerudi na mifuko.

Aliingia uani amejaa matope hadi shingoni. Akashuka akichechemea, akamtazama kaka yake moja kwa moja, akamwita yaya, yaani kaka, na kumwambia maneno ya kwanza tangu miaka ya amani:

"Yaya, resori yako iko mubaya. Imenirusha tangu kule mupaka hapa."

"Mujinga!" Ézéchias akamfokea kwa Kinande, lugha ambayo Simenti hakuijua. "Njia ya Oicha umeisahau? Umerudi kwa nini?"

"Nimerudia bugali ya Orpa," Ananie akajibu, naye kwa Kinande.

Simenti alikuwa anapapasa mifuko yake kwa furaha. Hakuwa mtu wa kutimiza neno, ila alikuwa amechoshwa na mwanamke wa langoni, na dereva aliyekwenda akarudi alishamtosha. Kwa hesabu yake, mtu aliyerudi mara moja atarudi daima.

"Kesho kutwa anaenda tena. Wee muzee, kwenda kwako."

Ézéchias hakuondoka.

"Dereva anasema resori ni mubaya. Mi siachake kazi mubaya mu mikono ya batu. Munipe ufunguo."

Simenti akacheka, akamrushia ufunguo wa kukazia springi. Ézéchias akamgeukia mdogo wake.

"Kaa juu."

Ananie akakaa, ameegemea kushoto kama kawaida yake. Ézéchias akachuchumaa, akaweka kijiti. Mkia haukushuka. Akadhani amepima vibaya, akapima tena. Haukushuka hata upana wa kidole. Ndipo akainua macho akamtazama Ananie vizuri, kwa mara ya kwanza tangu waanze kununiana. Mapaja yalikuwa yamebaki mifupa ndani ya suruali. Mkanda ulifungwa kwa kamba. Alikuwa ameikaza springi kwa ajili ya Ananie wa zamani, yule wa mabega mapana aliyekuwa akila sahani mbili kwa mama. Huyu aliyekaa juu sasa alikuwa nusu yake, na springi ya mtu mzito ilimpiga njia nzima, kwenye nyonga ile ile.

Alitaka kulia, na kwa kuwa hakujua kulia mbele ya watu, akatukana.

"Umekonda namna gani hii, mpumbavu wewe? Huwezi hata kukaa kwenye kiti kikakusikia?"

Akaanza kuilegeza pete, jino baada ya jino. Ananie akainama kana kwamba anamwonyesha kitu kwenye springi.

"Sasa hakuna cha kunirudisha," akamwambia kwa Kinande, polepole. "Mchukue Orpa muende Beni. Leo, si kesho."

Ézéchias akaendelea na ufunguo wake. Akamalizia pete, akaigeuza skrubu ya amotisa kidogo kidogo, akaushika mkia na kuutikisa chini ya mdogo wake hadi ulipoanza kushuka na kupanda kwa upole. Kisha akatoka langoni bila kuaga, maana hawakuwa ndugu wa kuagana.

Walilala njiani, yeye na Orpa, na kesho yake walikuwa Beni, mtaa wa Beu, kwenye uwanja wa Shafii, msafirishaji aliyekuwa mteja wake. Aliacha nyuma karakana, vyombo, na kijiti cha mwanzi. Simenti aliposubiri pikipiki yake ikakawia, alituma watu, wakakuta nyumba tupu, wakaichoma. Ézéchias aliposikia alitukana siku nzima, kisha akakata mwanzi mwingine.

Baadaye watu walianza kuja kutoka Oicha, upande wa jeshi jingine, ambao askari wa Simenti hawakuthubutu kukanyaga. Mama mmoja alisema alibebwa hadi zahanati juu ya pikipiki ya miguu minne, na dereva wake alikuwa mwembamba, mwenye kuchechemea, na mwenye maneno mengi. Njia nzima alimsimulia kwamba ana kaka, fundi mbovu kabisa, aliyemkazia springi vibaya akamtesa kutoka Manguredjipa hadi Butembo.

Watu wa Beu wakampelekea Ézéchias maneno hayo mbio mbio. Wakazunguka, wakakaa tayari kusikia matusi. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki ya mtu, ufunguo mkononi, na hakuinua kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Sikumukalisha."