Injini Iliyopakwa Mafuta ya Alizeti

Injini ilikaa uani kwangu Mikumi, juu ya matairi mawili ya lori, na siku zote ilipokuwa pale nguo nilianika kwa jirani. Ilikuwa ya trekta la shangazi yangu, dada wa baba, anayelima Kilangali. Trekta lenyewe, lililonizidi umri, lilibaki kwake likiwa wazi kifuani, na kuku mmoja alikuwa ameanza kutagia kwenye kiti cha dereva.

Fundi aliyeiunda upya ana banda kando ya barabara kuu, lakini banda lile halikosi lori lililokorofisha, na vumbi la pale ni la mchana na usiku. Kwangu kulikuwa na ukuta na maji ya bomba. Kwa hiyo injini ilipokwisha kufungwa pistoni mpya, bila kubaki chochote ila kuisafisha nje na kuipaka rangi, aliileta kwangu. Shangazi akaja nayo, na begi lake.

Haraka yetu ilitokana na kikao. Mume wa shangazi alipofariki, trekta lilisimama, na ndugu zake wakataka liuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Shangazi alikataa. Mwishowe walikubaliana mbele ya wazee: mvua za kwanza zikikuta trekta linalima, ni lake, zikilikuta limesimama, liondoke. Injini inafika kwangu, mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima.

"Si uifunge tu hivyo hivyo?" nilimuuliza fundi. "Rangi itapakwa hata mwakani."

"Mwakani utaipaka umelala chini ya trekta, tope linakudondokea mdomoni," alijibu. "Sasa hivi unaizunguka kama sinia la ubwabwa. Na ikiwa safi, ikivuja hata tone, unaona lilikotoka. Ikiwa chafu unaona uchafu, basi."

Tulianza kwa kuziba matundu, pale panapoingia hewa, panapotoka moshi na panapopita maji, ili uchafu usiingie ndani. Fundi alitumia magunzi ya mahindi. Kila gunzi alilivisha mfuko wa nailoni, akalisukuma mpaka likabana, kisha akalifunga kitambaa chekundu kwenye ncha. Nilimuuliza kitambaa ni cha nini. Akasema kuna injini moja iliwahi kuwashwa na gunzi ndani. Hakusema ilikuwa ya nani.

Grisi ya zamani ilikuwa imeshikana na udongo mweusi wa Kilangali mpaka ikawa ngumu kama lami. Tuliilowesha kwa dizeli, tukaikwangua kwa kisu kisicho na makali na brashi ya waya. Shangazi alikaa kwenye kigoda, kanga kiunoni, akikwangua pembeni mwa pampu.

"Nusu ya shamba langu iko humu," alisema. "Ndiyo maana mavuno yalipungua."

Baada ya dizeli ilikuja sabuni ya unga na maji ya moto. Baada ya maji, fundi aliazima bomba la upepo kwa jirani anayeziba pancha, akapuliza kila kona kabla kutu haijapata nafasi. Gundi iliyokuwa imetokeza kwenye maungio aliikata kwa wembe, kwa sababu rangi haiishiki. Jioni chuma kilikuwa kijivu na kikavu. Tuliifunika kwa turubai. Fundi akapigiwa simu: lori limekwama mlimani.

"Asubuhi napaka," alisema akipanda pikipiki. "Mtu asiiguse."

Kilichofuata sikukiona. Shangazi alinisimulia mwenyewe, bila kuficha. Aliamka mapema kabla yangu, akafunua turubai aitazame. Kwenye pembe moja umande ulikuwa umepenya, na chuma kilikuwa kimeanza kupata rangi ya chai. Kwake, msimu ukiisha, kila jembe na kila panga hufutwa kwa mafuta ndipo lipandishwe darini. Mwanamke anayeacha chuma kikavu kishike kutu husemwa kisimani. Akaingia jikoni kwangu, akachukua chupa ya mafuta ya alizeti na kitambaa, akaifuta injini yote, kwa uangalifu, mpaka chini.

Fundi alipofika aliamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akafungua kopo la rangi ya kwanza, ile ya kushikia. Alipitisha brashi ubavuni. Rangi ilikaa kidogo, kisha ikajikunja, ikaacha vidoa vya mviringo kama macho ya dagaa. Akapitisha tena. Ikajikunja tena. Akainama, akanusa.

"Mbona inanukia maandazi?"

"Nimeipaka mimi," shangazi alisema. "Ilikuwa inashika kutu."

"Mama! Umeikaanga?"

"Jembe nalipaka kila mwaka na halijawahi kunilalamikia."

"Jembe unalipaka rangi?"

Shangazi alivitazama vile vidoa. Alikuwa ameelewa. Alikaa kwenye kigoda akashika mikono yake, na nilimwona anatazama milima, ambayo sasa ilikuwa haionekani kwa wingu. Simu yake ikalia. Alikuwa shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu mumewe, na sauti yake ilisikika uani kote.

"Shemeji, yule wa vyuma chakavu anapita kijijini leo. Nimwambieje?"

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nimwambieje?"

"Mwambie kwangu hakuna chakavu."

"Mvua hiyo inakuja."

"Naiona. Hata huku ipo."

Alikata simu, akasimama. "Haya fundi. Mafuta yanatokaje?"

Yanatoka kwa tina, ile ya kuzimulia rangi, na kwa kitambaa safi kila mara, maana kitambaa kile kile huhamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Vitambaa viliisha. Nilitoa shuka, nikachana. Likaisha, nikatoa la pili. Fundi alituonyesha namna ya kupima: unarusha maji kidogo, yakisimama kama shanga mafuta bado yapo, yakitandaa, pamesafika. Shangazi alichukua kikombe cha maji akawa ndiye mkaguzi. Alimrudisha fundi mahali pamoja mara nyingi mpaka fundi akalalamika.

"Mama, hapo hapaonekani hata na Mungu."

"Pana shanga."

Fundi akarudia kufuta.

Manyunyu yalianza tukiwa tumemaliza kupuliza. Tulifunga turubai juu kwenye kamba za nguo, injini ikawa kama iko kwenye kibanda cha harusi, na rangi ya kwanza ikapakwa chini yake. Safari hii ilishika. Kesho yake ikapakwa ya kijivu. Shangazi alikaa mbali nayo, mikono nyuma ya mgongo, kama mgeni kwenye nyumba yenye vyombo vya udongo. Ilipokauka, magunzi yakachomolewa, na pikapu ikaichukua kwenda Kilangali, shangazi mbele, fundi akiwa amekaa nyuma pamoja nayo.

Niliwafuata siku mbili baadaye, nikakuta injini imeshafungwa kwenye trekta. Mvua ya kwanza ya kulimia ilikuwa imenyesha usiku, na udongo ulikuwa umeiva kwa jembe. Kuku alikuwa amehamishwa. Dereva alipowasha, trekta lilikohoa, likakataa, likakohoa tena, kisha likashika. Rangi mpya ilipopata moto ilitoa harufu kali na moshi mwembamba, na mtu mmoja akapiga kelele kwamba linaungua. Fundi hakugeuka. Alikuwa anaangaza tochi chini ya injini, akitafuta oili. Aliangaza muda mrefu, hakuona hata tone, akaizima tochi.

Shemeji mkubwa alikuwa amekuja na ndugu zake wawili. Alisimama kando ya shamba, fimbo mkononi, akalitazama trekta likifungua mfereji wa kwanza. Kisha akaikabidhi fimbo kwa mdogo wake, akavua viatu, akaingia shambani mbele ya trekta. Alikuwa anang'oa visiki vya mwaka jana na kuvitupa pembeni ili jembe lisikwame.

"Na kile kule, shemeji!" shangazi alimpigia kelele, akionyesha kwa kidole.

Akakifuata.