Firigisi ya Shemeji

Niliporudi kutoka vitani Burma nilikaa mtaa wa Ng'ambo, mjini kwetu bara, kwa dada yangu, na mumewe alikuwa akitafuta sababu ya kunifukuza. Siku moja nikapika kuku kama mpishi mmoja Mchina niliyemwona huko: nikamkatakata vipande vidogo, nikavigaragaza katika unga wa muhogo, nikavikaanga na kuvimwagia asali na ukwaju, maana mchuzi wao mweusi sikuupata.

Shemeji akachokoachokoa sinia zima.

"Firigisi yangu iko wapi?"

"Imo humo humo, shemeji. Nimeikatakata."

"Umeikata? Mwenye nyumba hapa ni nani?"

Mwanamume mzima, ndevu tele, na heshima yake yote imo tumboni mwa kuku! Akanifukuza hata hajaonja. Nikamwachia dada nusu ya kuku jikoni, nusu nikaila njiani kwenda stesheni.