Goti la Fundi wa Vigae

Mume wangu ni fundi wa vigae. Miaka ishirini na sita anapiga magoti kwenye sakafu za watu. Mwite mlevi, atacheka. Mwambie kigae chake kimepinda, hamtasalimiana mwezi mzima. Sasa goti la kulia limesagika. Daktari wa mifupa alimpa dawa za maumivu na mazoezi, akamwelekeza pia kwenye tiba ya sindano, ile ya Kichina, vyote viende pamoja. Visiposaidia, alisema, itabidi aache ufundi. Hapo baba watoto akaishiwa nguvu kabisa.

Chumba cha sindano kilikuwa kidogo: kitanda, feni, na picha ya mwili wa mtu uliojaa nukta. Dada wa sindano alimpandishia suruali hadi juu ya goti, akampaka spiriti. Sindano zenyewe nyembamba kama unywele, lakini huyu bwana anayeshinda na msumeno wa kukatia vigae alifumba macho, akaning'ang'ania kidole. Ningemcheka, ila na mimi roho ilikuwa mkononi.

"Baba, kuna dawa nyingine yoyote unatumia?" dada akamuuliza.

"Hakuna."

Kila asubuhi ni mimi ninayempa kidonge chake cha moyo, kile cha kuzuia damu isigande. Nikamtazama, akanikazia macho ninyamaze. Niseme, nimwaibishe mbele ya mtu? Ninyamaze, achomwe, damu ikatae kukatika? Niliogopa, sifichi.

"Anatumia," nikasema. "Ya kuzuia damu kuganda. Dada, usimchome kwanza."

"Afadhali umesema, mama. Haitukatazi, nikijua nitachoma kwa uangalifu tu. Sasa baba, mbona unanificha?"

"Sijakuficha," alisema, macho darini. "Nimeacha."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani mna vidonge tisa, vya asubuhi tisa nilizompa maji nikamwambia meza.

"Nilisikia vinamfanya mtu atoke damu," akaniambia mimi, si dada. "Nikaogopa wataninyima sindano. Nikikosa na hii, mke wangu, nitafanya kazi gani?"

Dada wa sindano akaiweka sindano kwenye trei. "Baba, usishuke hapo kitandani," akasema, akatoka mbio kumwita daktari.

Nikabaki nimemshika mkono, namsikiliza anavyopumua. Siku tisa damu yake ilikuwa huru kuganda itakapo, na mimi kila jioni namuuliza goti linaendeleaje.