Bendi ya Masika

Bendi yetu ya roki ilikuwa hai wakati wa masika tu. Kuanzia Juni, wageni wakianza kumiminika kwenda kreta kutazama wanyama, kila mmoja alirudi kwenye kibarua chake: mimi nyuma ya usukani, mpiga besi jikoni kambini, mpiga dramu getini kwa ulinzi, na mwimbaji wetu, dada wa Kiiraqw kutoka Kansay, kutandika vitanda vya loji. Mvua ikiharibu barabara na loji zikipunguza watu, tulikutana tena Karatu, kwenye ukumbi wa baa uliokuwa ukivuja.

Muziki wenyewe tuliujulia kwenye kaseti aliyoisahau mgeni garini kwangu. Kiingereza chake hatukukielewa. Dada alijaza Kiiraqw pale aliposhindwa, na hakuna aliyelalamika. Akipandisha sauti, nilikuwa nasahau kupiga gitaa. Nilimpenda? Ndiyo, nilimpenda. Nani hakumpenda?

Masika moja hakurudi. Alipata kazi kambi ya mbali, akaolewa hukohuko. Tukamweka kijana wa kwaya, akawa anaimba roki kama anasindikiza jeneza. Kisha mpiga besi akarudi kwao Kilimanjaro kufungua duka. Baadaye rika la mpiga dramu, aliyekuwa Mmaasai, huko kwao Enguserosambu, likafanyiwa sherehe ya kuingia uzeeni. Alirudi kichwa kimenyolewa, akavishika vijiti vyake, akaviweka chini.

"Mzee hapigi vijiti mbele ya watoto, bwana."

Nikamwambia Wamaasai hata ngoma hawana, sasa huo mwiko umetoka wapi? Akacheka, lakini hakukaa.

Nikabaki mimi na vijana wapya walionizidi ujuzi. Kila masika niliwaambia dada atarudi, nanyi mtasikia sauti. Walichoka kunisikiliza.

Akaja kweli, mtoto mgongoni. Alisimama karibu na mlango wakati msichana wetu mpya akiimba. Nikampungia mkono apande jukwaani. Akatikisa kichwa, akaanza kucheza palepale, taratibu, huku akimbembeleza mtoto.

Wimbo ulipoisha nikashuka. "Njoo uimbe, dada. Nafasi yako ipo."

"Aa, kaka, acheni hivyohivyo. Sasa hivi mnapiga vizuri. Sisi siku zile tulikuwa tunapiga kelele tu."

Nikacheka naye, nikamkubalia. Kumbe kelele zile ndizo nilizokuwa nazingoja miaka yote.