Nilisema Mwacheni Akorome

Zamani nikiwa kijana nilikata miwa huko Muhoroni. Tulilala wanaume sita chumba kimoja, na mmoja alikoroma hadi bati linatetemeka. Tulikuwa tunamtupia viatu. Chakula cha huko kilikuwa kibaya pia, lakini hiyo ni hadithi ingine. Asubuhi moja tukaamka kukiwa kimya. Tulipomgusa alikuwa baridi.

Tangu hapo nikaweka kichwani kwamba mtu anayekoroma ni mzima. Na hiyo imani ndiyo iliua mtoto wangu. Ni mimi, si mtu mwingine.

Okoth, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa anapigilia bati mpya kwa nyumba yetu hapa karibu na Katito. Saa nne asubuhi akateleza, kichwa kikapiga jiwe la kusagia la mama yake. Akazimia kidogo, kisha akaketi akicheka.

"Baba, hii nyumba yako inatupa watu."

"Kichwa chako ni kigumu kuliko hiyo misumari," nikamjibu.

Damu hakuna. Uvimbe tu, juu ya sikio.

Akala ugali kidogo. Akasema kichwa kinamgonga, akatapika mara mbili. Nikasema ni jua. Akajilaza kwa kochi, akaanza kukoroma. Ndugu yake Ouma akamtikisa, hakuamka. Ouma akakimbia kuita jirani mwenye gari.

"Baba, tumpeleke Kisumu saa hii."

"Wewe umekuwa daktari lini? Si unasikia anakoroma? Mwacheni apumzike."

"Baba, tafadhali. Huu si usingizi."

"Ouma, hapa ni kwa nani?"

Mimi mwenyewe nilimwambia jirani arudi na gari lake. Hata nilimpa papai.

Jioni mama yao akamfunua macho. Mboni moja imepanuka, ile ingine ndogo. Ndipo nikakubali. Hospitali ya kwanza Kisumu haikuwa na mashine ya kupiga picha ya kichwa, tukatumwa ingine. Huko daktari akauliza alianguka saa ngapi. Nikamwambia. Akatazama saa ya ukutani.

"Mzee, damu imekuwa ikijaa ndani ya fuvu pole pole. Kule kukoroma ni ubongo ulikuwa unabanwa. Mngekuja mchana tungejaribu kuitoa."

Okoth alikufa kesho yake.

Wazazi wenzangu, mtu akigonga kichwa, hata akicheka, hata akila, msimwache. Akitapika, akilala mkashindwa kumwamsha, mpelekeni mbio. Msingoje kuona damu. Na msingoje mzee kama mimi aseme ndiyo.

Tulimzika Jumamosi. Ouma alirudisha mchanga karibu wote peke yake, alikataa kusaidiwa. Alipomaliza nikamwambia, "Njoo ule, baba."

Akaniangalia. Akalaza koleo chini, akapangusa mikono kwa suruali, akatoka langoni. Nilidhani ameenda kunawa.

Huu ni mwaka wa pili. Hajarudi.